Kona za Wikendi: Kijitabu cha Waendesha Pikipiki wa Eastlands

Kijitabu hiki ni cha nani

Mwaka 2008 Serikali iliondoa VAT kwa pikipiki zenye injini chini ya 250cc, na tangu hapo nduthi imejaa kila mtaa wa Eastlands, kuanzia Kariobangi na Dandora hadi Kayole, Umoja, Pipeline na Utawala. Wengi huiendesha kutafuta riziki: Outer Ring asubuhi, Jogoo Road jioni, abiria nyuma na mzigo mbele. Humu tunazungumzia safari ya namna nyingine, ile ya Jumamosi au Jumapili ambapo mtu huenda kwa raha yake, akitafuta hewa, milima na barabara yenye kona.

Pikipiki ya 150cc, ile ile ya boda, inatosha. Ikiwa na tairi nzuri na breki zinazoshika, itafika kila mahali tunapopataja. Kwenye kona za mlimani mwenye injini ndogo mara nyingi hufurahia kuliko mwenye kubwa, kwa kuwa anaweza kutumia nguvu yote aliyo nayo bila kuhatarisha mtu.

Kona hutoka wapi

Eastlands imekaa ukingoni mwa uwanda. Ukitoka Njiru ukapita Ruai, Kamulu na Joska, barabara imenyooka na hakuna kinachozuia macho. Wengi hufika hapo, wakageuza, wakarudi kusema kwamba upande huu hauna cha kuona. Wamegeuza mapema mno.

Barabara haipindi bure. Hupindishwa na mlima au mto, kwa hiyo ukitaka kona, tafuta hivyo viwili kwanza halafu ndipo uitafute barabara. Kiambu na Murang'a ndipo mahali pa kujifunzia. Mito ya huko hushuka kutoka milima ya Nyandarua ikielekea mashariki, na kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu wa ardhi. Barabara inayofuata mgongo hupanda polepole na kona zake ni chache. Inayokata kutoka mgongo mmoja hadi mwingine ndiyo unayoitaka: inateremka kwa kujikunja hadi darajani, kisha inapanda upande wa pili vivyo hivyo. Kila mto unaovukwa ni kona mbili au zaidi. Hesabu madaraja kwenye ramani na utajua safari itakuwaje kabla ya kuwasha injini.

Ukambani mambo ni tofauti. Milima ya Mua, Iveti, Mbooni na Kilungu imesimama mbalimbali, na barabara hujishikiza ubavuni mwake, juu ya matuta ya kilimo yaliyochimbwa kuzuia udongo usisombwe. Huko tafuta mlima kwenye ramani, kisha uone ni barabara gani inayouzunguka badala ya kuukwepa.

Ramani ya simu yenye kuonyesha vilima na mabonde inafaa, lakini ukiiachia ichague njia yenyewe itakupeleka barabara kuu, maana inatafuta dakika na wewe unatafuta kona. Weka vituo vidogo vidogo vya katikati, soko hili, daraja lile, uilazimishe ipite unapotaka. Ipakue kabisa kabla ya kuondoka, kwa sababu mabondeni mtandao hupotea. Mwenye kupenda karatasi aende ofisi za Survey of Kenya, Ruaraka, kando ya Thika Road, anunue ramani za kipimo cha 1:50,000. Kwenye ramani hizo sentimita 2 ni kilomita 1, na mistari ya mwinuko ikisongamana ujue hapo pana mteremko mkali. Ni chombo cha zamani ambacho bado hakijapata wa kukishinda.

Kuuliza njia

Ukimuuliza mtu kama barabara ni nzuri, atakwambia ni nzuri. Kwake ni nzuri, anaipita kila siku kwa miguu. Uliza maswali mengine. Je, matatu hupita mvua ikinyesha? Gari la maziwa nalo? Kama gari la maziwa hufika kila asubuhi bila kukosa, nawe utapita.

Njia nyingine waendesha boda wataielewa bila maelezo marefu. Simama kwenye steji ya hapo njia panda, salimia, kisha uliza: "Boss, kutoka hapa hadi soko la pili ni ngapi?" Nauli kubwa kwa umbali mdogo maana yake barabara inaharibu pikipiki. Uliza tena, "Na mvua ikinyesha?" Bei ikipanda maradufu, geuza mapema.

Barabara nne, na moja ya tahadhari

Ya kwanza ni mzunguko wa Machakos, karibu kilomita 150 kutoka Kayole na kurudi. Tunapendekeza uanze na Mombasa Road asubuhi, kwa sababu malori ya kutoka na kwenda Mombasa yanahitaji akili ambayo haijachoka. Pita Athi River, uingie Machakos kupitia Kyumvi. Huu ndio mji ambao Waingereza waliufanya kituo cha utawala mwaka 1889, kabla reli haijaukwepa na kufika Nairobi mwaka 1899. Kutoka hapo shika barabara ya Mutituni kuelekea Kangundo, na hapa ndipo utamu ulipo. Barabara inajiviringisha kwenye milima ya Iveti, mashamba yakining'inia upande mmoja na bonde likifunguka upande mwingine, na kila ukimaliza kona moja nyingine inakungoja.

Njiani kuna Kyamwilu, penye kilima cha Kituluni, mahali ambapo gari lililo nyutro huonekana likipanda lenyewe na maji yaliyomwagwa huonekana yakipanda nayo. Ni macho yanayodanganywa na miinuko ya jirani. Mteremko upo, ila hauonekani. Wageni husimama katikati ya barabara kurekodi video. Wewe iondoe pikipiki kabisa barabarani kwanza. Kutoka Kangundo teremka Tala, upite mwamba wa Koma Rock, ambao mtaa wa Komarock umechukua jina lake, kisha uwanda hadi nyumbani.

Ya pili ni ya nusu siku: Tala, Donyo Sabuk, maporomoko ya Fourteen Falls kwenye Mto Athi, kisha Thika. Kona si nyingi, mandhari ndiyo yenyewe. Usipange kupanda kilele cha Ol Donyo Sabuk, mita 2,145, kwa pikipiki. Ni mbuga ya taifa chini ya KWS, na humo wamo nyati.

Ya tatu ndiyo tunayoipenda kuliko zote. Shika Eastern Bypass hadi Ruiru bila kugusa mjini, halafu Githunguri, Uplands na Limuru. Unaanza kwenye kahawa, unapanda, kahawa inaisha na chai inaanza, na baridi unaisikia vidoleni kabla hujaiona chai yenyewe. Limuru ndiko chai ya kwanza nchini ilikopandwa, mwaka 1903. Kuanzia Juni hadi Agosti ukungu huko unaweza kudumu hadi karibu adhuhuri, na jaketi la Eastlands halitoshi.

Ya nne ni Thika, Gatanga hadi bwawa la Ndakaini, ambako maji mengi ya mabomba ya Nairobi hutoka. Migongo na mabonde tuliyoyaeleza hapo juu yote yamo.

Tahadhari ni Mai Mahiu, barabara ya ukutani mwa Bonde la Ufa iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Kiitaliano wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kanisa dogo walilolijenga bado lipo chini, kando ya barabara. Inastahili kuonwa mara moja, asubuhi na mapema. Jumapili jioni, malori na magari ya kurudi mjini yakiwa yamebanana kwenye ukungu, iache.

Jua na mvua

Jambo hili halisemwi vya kutosha. Kangundo Road inaelekea mashariki. Ukienda saa moja asubuhi jua liko usoni. Ukirudi saa kumi na moja jioni liko usoni tena, na dereva aliye nyuma yako naye limempiga macho. Upande huo ondoka saa mbili, na saa tisa uwe umeshaiacha Tala. Upande wa Limuru jua liko mgongoni kwenda na kurudi. Hapo wewe unaona vizuri, ila anayekuja mbele yako ndiye asiyeona. Taa ya mbele iwake mchana kutwa.

Mvua za masika ni Machi hadi Mei na za vuli Oktoba hadi Desemba. Udongo mweusi wa Ruai na Kamulu ukilowa hunasa kwenye madigadi hadi gurudumu linasimama. Udongo mwekundu wa Kiambu huteleza kama sabuni. Ukambani hofia mchanga kwenye vivuko vya mito ya msimu, na maji yakiwa yanapita juu ya kivuko, ngoja. Hata yakiwa ya magotini, ngoja.

Kuingia kona

Punguza mwendo kabla ya kona, ukiwa bado umesimama wima. Ingia kwenye gia utakayotokea nayo. Tazama mwisho wa kona, maana pikipiki hufuata macho. Breki ya ghafla katikati ya kona ndiyo iangushayo watu.

Kona ya kushoto ukiiingia kwa kasi itakutupa upande wa wanaokuja. Kona ya kulia ina hila yake: magurudumu yako yanaweza kuwa upande wako huku kichwa chako, kwa kulala, kimevuka mstari wa katikati. Acha nafasi. Angalia pia kokoto na matope kwenye ukingo wa ndani wa kona, yanayoburutwa na malori yanayokata njia. Na karibu na kila shule na soko tarajia tuta lisilo na rangi wala kibao.

Kuteremka nyutro au injini ikiwa imezimwa ili kuokoa mafuta ni mazoea yaliyoenea, na ni mabaya. Breki hubeba uzito wote, hupata moto, na hupoteza nguvu pale chini penye daraja. Acha gia ya pili ikushike.

Sheria na vifaa

Leseni ya pikipiki yako binafsi ni daraja A2. Anayebeba abiria kwa malipo anahitaji A3. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria. Abiria ni mmoja tu, na helmeti na jaketi la kuakisi mwanga ni vya wote wawili. Mwendo mijini na kwenye vituo vya biashara ni kilomita 50 kwa saa. Nairobi Expressway hairuhusu pikipiki, kwa hiyo Mombasa Road ni ile ya chini.

Usiku wa kuamkia safari kagua upepo wa tairi zikiwa baridi, cheni isilegee wala isikazwe mno, na nyaya za klachi na breki. Beba tyubu, pampu, spana na plagi. Fundi wa Kariobangi hatakuwepo Kangundo.

Mkienda kundi, kila mmoja asubiri kwenye njia panda mpaka aonwe na aliye nyuma yake. Kwa utaratibu huo hakuna anayepotea, na hakuna anayelazimika kukimbiza wenzake. Nyama choma ni haki yenu. Bia isubiri hadi pikipiki zilale.

Ajali ikitokea, usimvue aliyeumia helmeti isipokuwa hapumui. Piga 999 au 112, au Msalaba Mwekundu wa Kenya kwa 1199, na taja jina la soko au shule iliyo karibu. Andika namba hizo na ya mtu wako wa nyumbani kwenye karatasi, uiweke mfukoni mwa jaketi.