Tabibu wa Safari na Siku Ambazo Hayupo

Utangulizi

Katika wilaya nyingi za Tanzania wapo wananchi wanaoonana na tabibu mara moja tu kwa mwezi, siku gari la huduma za mkoba linapofika kijijini au boti inapotia nanga kisiwani. Tabibu huyo hukaa saa chache, huona wagonjwa wengi, kisha huelekea kijiji kingine. Makala haya yanamhusu yeye, muuguzi anayeambatana naye, mhudumu wa afya anayebaki kijijini, na mgonjwa mwenyewe. Hoja yetu ni moja: kazi ya tabibu wa safari isipimwe kwa idadi ya watu aliowaona siku ile tu, bali kwa hali ya watu hao katika siku ambazo yeye hayupo.

Tabibu ni nani?

Tabibu ni mtaalamu aliyefunzwa kuchunguza, kutambua na kutibu magonjwa ya kawaida, na kumpa rufaa mgonjwa ambaye hali yake imezidi uwezo wa mahali alipo. Hapa nchini, kwa kawaida huwa amesoma stashahada ya miaka mitatu. Hana shahada ya udaktari, lakini katika zahanati na vituo vya afya ndiye anayebeba sehemu kubwa ya kazi ya tiba. Kenya na Uganda zina kada inayofanana na hiyo. Nchini Marekani, mafunzo ya madaktari wasaidizi yalianzishwa katika Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, na wanafunzi wa kwanza walikuwa watu waliowahi kutoa huduma za tiba katika jeshi la majini. Huko pia wapo wanaohama kutoka hospitali moja hadi nyingine kwa mikataba ya muda mfupi ili kuziba pengo la watumishi. Mazingira ni tofauti na ya kwetu, ila swali ni lilelile: mgonjwa aliyeanzishiwa tiba na mtu anayepita, atafuatiliwa na nani?

Tiba ipi ianzishwe safarini?

Yapo magonjwa ambayo tiba yake huanza na kwisha kwa muda mfupi. Mtoto mwenye malaria isiyo kali hupimwa kwa kipimo cha haraka, hupewa dawa mseto ya siku tatu, na mama huelezwa dalili za hatari: mtoto kushindwa kunywa au kunyonya, kutapika kila kitu, kupata degedege, au kulegea na kupoteza fahamu. Mama akiona mojawapo, asisubiri gari la mwezi ujao. Aende kituo cha afya saa hiyohiyo.

Magonjwa ya kudumu yanahitaji kufikiriwa kwa namna nyingine. Tuchukue mfano wa mama wa miaka 58 ambaye kipimo chake cha shinikizo la damu ni 164/98. Kwanza, tabibu ahakikishe kipimo chenyewe ni sahihi: mama awe ameketi na kupumzika kwa dakika tano, ameegemea kiti, miguu ikiwa chini, mkono ukiwa usawa wa moyo, naye asiwe anazungumza. Kipimo kirudiwe walau mara mbili. Kwa mtu aliyetembea saa mbili juani kufika kliniki, jambo hili si dogo.

Pili, kwa kawaida ugonjwa huu hauthibitishwi kwa kipimo cha siku moja, isipokuwa pale shinikizo linapokuwa juu sana au madhara yameshaonekana katika viungo. Tabibu anayerudi baada ya mwezi hawezi kulifanya hilo peke yake. Ni lazima ampe muuguzi wa zahanati iliyo karibu jina la mama huyo na siku ya kumpima tena, ndani ya wiki moja au mbili.

Tatu, dawa ichaguliwe kwa kuangalia nani atakayeifuatilia. Amlodipini haihitaji vipimo vya damu vya mara kwa mara. Inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu, na mgonjwa asipoelezwa mapema huenda akadhani figo zimeharibika akaiacha. Enalaprili ni dawa nzuri pia, lakini hudai uangalizi wa figo na kiwango cha potasiamu katika damu, na haifai kwa mjamzito. Insulini huhitaji mahali pa baridi pa kuihifadhi, mtu aliyefundishwa kuchoma sindano, na ndugu anayejua dalili za sukari kushuka: kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa. Mgonjwa anayehitaji kuanza insulini apewe rufaa. Asianzishiwe chini ya mti na kuachwa.

Hesabu ya vidonge

Kosa linaloonekana dogo ni kutoa dawa za siku 14 wakati kliniki itarudi baada ya siku 28. Kosa la pili ni kutoa za siku 28 kamili wakati wa masika, ilhali kila mtu anajua kwamba barabara hukatika. Kwa dawa ya kidonge kimoja kwa siku, vidonge 42 vinamlinda mgonjwa hata safari ikichelewa kwa wiki mbili. Kama akiba haitoshi, tabibu akubaliane na mganga mfawidhi wa zahanati ili sehemu iliyobaki itolewe hapo, na mgonjwa aambiwe hivyo waziwazi.

Hesabu hii ni ya lazima zaidi kwa mwenye kifafa. Akikatisha ghafla dawa kama fenobabitoni, anaweza kupata degedege mfululizo lisilokoma, hali inayoweza kuua. Hata degedege moja humwangusha mtu penye moto wa kupikia au kwenye maji. Mgonjwa aliyekuwa ametulia kwa miezi sita anaweza kuungua kwa sababu tu vidonge vilipungua kwa siku kumi.

Makabidhiano

Kabla ya kuondoka, tabibu aache maandishi mahali pawili: katika daftari la mgonjwa na katika kumbukumbu za zahanati. Maneno machache yanatosha: ugonjwa, kipimo cha leo, dawa na kiasi chake, tarehe ya kurudi, na hatua ya kuchukua iwapo hali itabadilika. Mwandiko usomeke. Anayesoma huenda akawa mtumishi mgeni, usiku, kwa mwanga wa tochi.

Aidha, tabibu aandae orodha ya waliotarajiwa lakini hawakufika. Umati uliopo huchukua macho yetu yote, na mgonjwa asiyekuja husahaulika, kumbe huenda ndiye aliyezidiwa, aliyekosa nauli, au aliyeambiwa aache dawa. Orodha hiyo apewe mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye atawatembelea nyumbani. Afanye hivyo kwa siri: asitaje ugonjwa wa mtu mbele ya majirani, hasa kifafa na Virusi vya UKIMWI, kwa maana aibu humfukuza mgonjwa upesi kuliko umbali.

Rufaa inayofika

Karatasi ya rufaa haimfikishi mgonjwa hospitalini. Tabibu aulize: usafiri upo? Nani ataongozana naye? Watoto watabaki na nani? Mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa, kutoona vizuri, kuvimba uso, kutokwa damu au degedege asiachwe apange safari yake mwenyewe. Apewe huduma ya kwanza iliyopo, hospitali ipigiwe simu, na aondoke na gari la timu kama hakuna njia nyingine, hata ikibidi kliniki isimame. Walio kwenye foleni waelezwe sababu, wengi wataelewa.

Kwa mgonjwa na familia yake

Nawe, ndugu mgonjwa, unayo haki ya kuuliza kabla hujainuka kitini: Ugonjwa wangu unaitwaje? Dawa hizi zinanitosha hadi lini? Zikiisha kabla hamjarudi, nizipate wapi? Ni dalili gani zikitokea niende hospitali bila kusubiri? Beba daftari lako kila mara, na uje na dawa zote unazotumia, zikiwemo za asili. Usigawane dawa na jirani, hata kama ugonjwa unafanana. Usiache dawa ya shinikizo la damu au kifafa kwa sababu unajisikia vizuri. Kujisikia vizuri hakumaanishi kwamba umepona.

Hitimisho

Huduma ya mkoba inamleta tabibu kwa mtu ambaye asingemfikia. Faida hiyo hudumu pale tabibu anapochagua tiba inayoweza kufuatiliwa, anapotoa dawa zinazofika hadi siku ya kurudi, na anapomkabidhi mgonjwa kwa mtu anayejulikana kwa jina. Wasimamizi wa huduma hizi katika halmashauri wanaweza kuanza na jambo moja rahisi: katika taarifa ya kila safari, pamoja na idadi ya walioonwa, iandikwe pia idadi ya wagonjwa wa mwezi uliopita waliorudi, na ya wale ambao hawakurudi.