Kujilinda Kupita Kiasi: Lawama ni ya Nani?

Timu yote inaporudi nyuma kulinda goli lake, watazamaji humlaumu mwalimu, naye mwalimu huwalaumu wachezaji. Je, kosa ni la nani?

Katika mashindano ya Kombe la Dunia ya mwaka 1990, huko Italia, mechi 52 zilipata mabao 115 tu. Timu iliyotangulia kufunga iliweza kumrudishia mlinda mlango wake mpira, naye akaudaka kwa mikono, dakika zikapita. Mwalimu aliamuru hivyo kwa kuogopa kufukuzwa; mchezaji alitii kwa kuogopa kuachwa nje; na sheria iliwaruhusu wote wawili.

Mwaka 1992 mlinda mlango alikatazwa kuugusa kwa mikono mpira aliorudishiwa na mwenzake kwa mguu makusudi. Mwaka 1994, huko Marekani, ushindi katika makundi ulipewa pointi tatu badala ya mbili. Mechi zilikuwa 52 vile vile, lakini mabao yalikuwa 141.

Basi mwalimu ana lawama kubwa kuliko mchezaji, kwa maana ndiye atoaye amri. Lakini wote wawili hufuata faida waliyowekewa. Atakaye mchezo wa kushambulia na aitazame kwanza sheria.