Wakala wa Safari: Kutoka Misafara ya Unyanyembe hadi Vyumba vya Wageni vya Leo

Kwihara, karibu na mji wa Tabora, limesimama tembe ambamo David Livingstone na Henry Morton Stanley walikaa pamoja mwanzoni mwa mwaka 1872. Stanley aliondoka mwezi Machi. Livingstone alibaki, si kwa sababu safari yake ilikuwa imekwisha, bali kwa sababu hakuwa na watu wa kutegemewa wa kuchukua mizigo yake. Alisubiri miezi mitano, mpaka Agosti, wapagazi waliokusanywa na Stanley huko Unguja walipowasili.

Miezi hiyo mitano inaeleza kazi ya uwakala wa safari kuliko tafsiri yoyote ya kamusi. Msafiri yuko mahali pamoja, wanaomhudumia wako mahali pengine, na katikati lazima awepo mtu wa kutoa ahadi na kuibeba. Wenye nyumba za wageni wa Tabora wanaoanza kupokea wageni walioweka nafasi kwa mtandao wameingia katika uhusiano huo huo, na ni vyema waujue ulivyo.

Upande wa pwani, jina kubwa katika kazi hiyo lilikuwa Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara wa Kiismailia mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa na shughuli zake Bagamoyo. Wakazi waliowahi kuuguza ndugu katika Hospitali ya Muhimbili wamelisikia jina hilo katika jengo la Sewahaji, ingawa wachache huuliza limetoka wapi.

Sewa Haji hakumiliki njia, visima, wala vijiji ambamo misafara ilinunua chakula. Alichokuwa nacho ni ghala la vitambaa, shanga na nyaya za shaba, ambavyo ndivyo vilivyokuwa fedha ya bara wakati ule, pamoja na mazoea na wapagazi wa Kinyamwezi walioteremka pwani na pembe za ndovu, wakawa wanatafuta mzigo wa kurudi nao kwao. Mmisionari, mpelelezi au ofisa wa Kijerumani aliyehitaji watu alimwendea yeye. Bei ikapatanwa, mizigo ikafungwa kwa uzito ambao mtu mmoja angeweza kuuchukua, na sehemu ya ujira ikatolewa kabla ya msafara kuondoka. Hapo ndipo hatari ilipokaa. Mpagazi aliyetoroka njiani aliondoka na malipo, pengine na mzigo pia, na mwenye safari alirudi na lawama kwa wakala.

Stanley alipatana naye mwaka 1871, Sewa Haji akiwa kijana wa miaka kama 20, na baadaye akazijaza kurasa za kitabu chake malalamiko juu ya hesabu za kijana huyo. Huenda alidhulumiwa kweli. Huenda pia alikuwa mteja mwenye haraka asiyejua bei. Lililo wazi ni kwamba misafara yake mitano iliondoka Bagamoyo kati ya Februari na Machi, naye mwenyewe akaingia Unyanyembe mwezi Juni. Sewa Haji aliendelea na kazi hiyo kwa zaidi ya miaka 20 baada ya hapo. Kabla ya kufariki mwaka 1897 alikuwa ametoa mali yake kwa ujenzi wa shule Bagamoyo na hospitali Dar es Salaam, na hiyo hospitali ndiyo iliyolifikisha jina lake Muhimbili.

Nusu nyingine ya uongozi huo ilikuwa mikononi mwa Wanyamwezi wenyewe, ambao walikuwa wakipeleka misafara yao pwani tangu mwanzoni mwa karne ya 19. Kirangozi, mwenye bendera na vazi la kumtofautisha na wenzake, alitangulia mbele ya wote, na ilikuwa mwiko kumpita. Nyuma yake walikuwa wanyapara, kila mmoja na kikundi chake, wakiamua ugomvi, wakigawa posho na kusemea wapagazi wao walipoona mwendo umezidi au chakula kimepungua. Msafara ambao wapagazi wake walikuwa na njaa haukufika, hata kama mkataba wa Bagamoyo uliandikwa vizuri namna gani. Na isisahaulike kwamba njia hiyo hiyo ilipitisha watu waliofungwa minyororo. Sifa za upangaji wa misafara hazifuti jambo hilo.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Msafiri akanunua tiketi dirishani, na kazi ya upagazi wa masafa marefu katika njia hii ikafifia.

Uwakala ulirudi kwa nguvu mpya ulipoingia katika kompyuta. Mwaka 1996 Expedia ilianzishwa ndani ya kampuni ya Microsoft huko Marekani, na mwaka huo huo Booking.com ikaanza Uholanzi. Kama ghala la Bagamoyo, kampuni hizi zilijengwa juu ya vitanda na viti vya watu wengine. Bidhaa yao hasa ni ahadi. Dara Khosrowshahi, mzaliwa wa Iran ambaye familia yake ilihamia Marekani akiwa mtoto, aliiongoza Expedia kuanzia mwaka 2005 hadi 2017. Katika kipindi hicho thamani ya safari zilizouzwa na kampuni kwa mwaka iliongezeka zaidi ya mara nne, na mwaka 2015 ilinunua kampuni mbili shindani, Travelocity na Orbitz. Wenye hisa huyahesabu hayo kuwa mafanikio makubwa. Mwenye nyumba ya vyumba vinane huyatazama kwa jicho jingine: kila mshindani anaponunuliwa, milango ya kupatania kamisheni hupungua.

Jaribio kubwa zaidi lilikuja Machi 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga safari. Airbnb, iliyo chini ya Brian Chesky, iliamua kuwarudishia wageni fedha zao zote, hata pale ambapo masharti ya mwenye nyumba hayakuruhusu. Wageni walifurahi, wenye nyumba, ambao hawakuulizwa, walikasirika. Chesky aliwaomba radhi kwa kutoshauriana nao, na kampuni ikatenga dola milioni 250 kuwafidia, kiasi cha robo ya walichostahili kupata kwa masharti yao. Alichelewa kuwasikiliza wanyapara, lakini aliwasikiliza.

Kwa mwenye nyumba ya wageni wa Tabora, swali la kwanza kabla ya kujiunga ni fedha zinapita wapi. Upo utaratibu ambao mgeni hulipa akifika, kisha kampuni humdai mwenye nyumba kamisheni, ambayo mara nyingi huwa karibu asilimia 15. Mgeni asipotokea, hasara ya kwanza humwangukia mwenye chumba. Upo mwingine ambao kampuni hupokea fedha kwanza na kutuma salio baadaye. Hapo anayesubiri ni mwenye chumba, kama Livingstone pale Kwihara. Bei ipangwe baada ya kujua ni upi unaotumika.

Kosa linaloumiza zaidi ni la daftari. Chumba kilichochukuliwa na mteja wa mlangoni lakini hakikuondolewa mtandaoni huuzwa mara mbili, na mgeni anayeshuka kwenye treni usiku akakuta kitanda kina mtu ataandika maoni yatakayosomwa kwa miaka. Mtu mmoja katika nyumba, na si wote, apewe jukumu la kuitunza kalenda hiyo kila siku.

Nyumba ya wageni inahitaji leseni ya biashara, nayo huombwa kupitia mfumo wa TAUSI. Anayetaka kuwapangia wageni ziara za Kwihara kama wakala anahitaji pia leseni ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Ya halmashauri peke yake haitoshi. Asiye na simu janja, au aliyekwama katikati ya maombi, aende kwa afisa biashara wa halmashauri akiwa na kitambulisho na namba yake ya mlipakodi.