Msichana Akivunja Ungo, Bado Anakua



Mara nyingi katika mikutano yetu husikika mzazi akisema, "Huyu wetu ameshavunja ungo, sasa ni mtu mzima." Wengine hata huanza kuhesabu ng'ombe wa mahari. Mwezi huu tujifunze kwa nini maneno haya si kweli.

Kimo
Msichana hurefuka kwa kasi sana kabla ya hedhi ya kwanza. Hedhi ikija, ile kasi inapungua lakini haijaisha. Wengi huongeza kama sentimita 5 hadi 7 hivi, hasa katika miaka 2 inayofuata. Aliyeanza na miaka 11 kwa kawaida huongeza zaidi kuliko aliyeanza na miaka 15.

Mifupa mirefu hukua karibu na ncha zake, mahali palipo laini. Polepole pale laini panageuka mfupa mgumu, na urefu unakoma.

Nyonga
Hapa ndipo penye hatari. Nyonga hukawia. Njia ya mtoto huendelea kupanuka hata baada ya kimo kusimama. Kwa hiyo msichana wa miaka 14 anaweza kuonekana mrefu kama mama yake, na kumbe ndani hajakomaa. Akipata mimba, mtoto anaweza kukwama wakati wa kuzaa.

Tufanye nini?
1. Asipunguziwe chakula. Ndengu, maharagwe, omena, mayai, maziwa na mboga za kienyeji hujenga mwili. Hedhi humpunguzia damu, basi ale chungwa au embe pamoja na chakula. Chai ingoje kama saa moja.
2. Msinunue dawa za kurefusha watu zinazouzwa sokoni. Kimo hutokana zaidi na urithi, na chakula na afya njema husaidia.
3. Mpimeni. Asimame wima bila viatu, mtie alama mlangoni kila miezi mitatu. Mtajionea wenyewe.
4. Akifika miaka 15 bila hedhi, mpelekeni kituo cha afya.
5. Abaki shuleni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 hairuhusu ndoa kabla ya miaka 18.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwetu, msichana akivunja ungo huambiwa nini? Na nani?
2. Nyumbani mwako, nani hupakuliwa mwisho?
3. Kikundi chetu kitafanya nini mzazi akitaka kumwoza binti wa darasani?