Dondoo muhimu: Bunduki ya kumkabili nyati

Mwindaji wa Karagwe au Kyerwa aanze na ramani, bunduki ifuate. Tangu 2019 mapori ya akiba ya Ibanda na Rumanyika ni hifadhi za taifa, na pori la Kimisi limeingia hifadhi ya taifa ya Burigi-Chato. Humo hairuhusiwi kuwinda. Anayemtaka nyati atafute leseni na kitalu kilicho chini ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori.

Kwa nyati, aanzie kaliba ya .375. Risasi ya .375 H&H, iliyotoka 1912, huwa na kichwa cha gramu 19 hivi, na teke lake wengi hulimudu. Ile ya .416 Rigby ina nguvu zaidi, ila anayeliogopa teke hufumba macho na kukosa. Achague kichwa kigumu, kisichosambaratika kwenye mfupa wa bega.

Vichakani darubini ya kukuza mara 1 hadi 4 yatosha. Jicho likae sentimita 9 hivi nyuma ya kioo, la sivyo teke litapasua nyusi. Vishikizo vya chuma vinavyofunguka haraka ndivyo bora kabisa: nyati aliyejeruhiwa akijificha majanini, darubini huondolewa, mwindaji akatumia vilengeo vya mtutu.

Barabara mbovu hulegeza skrubu. Akifika kambini, ajaribu shabaha kwanza.