Rangi ya Asali si Dalili ya Kuiva: Nyama ya Nguruwe katika Kikaangio cha Hewa

Kikaangio cha hewa kimeanza kuonekana katika majiko ya watu wa Tarime na Mugumu, na pamoja nacho yamekuja mapishi ambayo zamani yalijulikana hotelini tu. Mojawapo ni paja la nguruwe lililopakwa asali. Ni chakula kizuri, na asali ya kukipikia haitoki mbali, kwa kuwa ufugaji wa nyuki unafanyika katika vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Hata hivyo, katika mapishi haya kuna kosa moja ambalo mlaji hulifanya kwa nia njema kabisa, nalo laweza kumgharimu afya.

Tuanze na chombo chenyewe. Jina lake linadanganya kidogo, kwa maana hakikaangi bali huoka. Ni tanuri dogo lenye feni: waya hupasha hewa moto, feni huizungusha kwa kasi kandokando ya chakula, na uso wa chakula hukauka na kubadilika rangi upesi. Hapo ndipo sifa yake ilipo, na hapo hapo ndipo hatari inapoanzia. Sukari iliyo katika asali huanza kuungua kwenye joto la nyuzi zaidi ya 100 kidogo, ilhali chombo hiki hupikia kwa nyuzi 160 hadi 200. Kipande cha kilo moja kikipakwa asali tangu mwanzo, ndani ya dakika chache huwa na rangi ya dhahabu, kisha ya kahawia, na harufu hujaa nyumba nzima. Mpishi hufungua, huridhika, huandaa meza. Lakini joto husafiri polepole ndani ya nyama, na katikati, karibu na mfupa, nyama hiyo ingali mbichi.

Nyama mbichi ya nguruwe si jambo la kupuuzwa. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi cha binadamu huweza kubeba malengelenge ya mnyoo aitwaye tegu. Mtu akila nyama yenye malengelenge hayo isiyoiva, tegu hukua tumboni mwake, mara nyingi bila dalili kubwa. Madhara makubwa hufuata baadaye: mayai ya tegu hutoka na kinyesi, na mtu huyo asiponawa mikono vizuri, mayai huingia katika chakula cha watoto, cha jirani, hata chake mwenyewe. Yakimezwa, huweza kusafiri hadi kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Kwa hiyo anayeugua kifafa cha aina hii huenda hajapata kuonja nyama ya nguruwe maishani mwake. Tunalisisitiza hili kwa kuwa wako wanaodhani kwamba hatari humhusu mlaji wa nguruwe peke yake, na kwamba asiyekula amesalimika.

Ulinzi wa kwanza uko buchani. Nunua nyama iliyokaguliwa na yenye muhuri wa mkaguzi, na usione haya kuuomba uonyeshwe. Nyama iliyochinjwa uani na kuuzwa kwa bei ya chini haina mtu aliyeikagua. Itazame kwa makini: malengelenge ya tegu huonekana kama punje nyeupe au mapovu madogo yaliyojipachika kati ya nyuzi za nyama. Ukiyaona, usinunue, na umjulishe afisa mifugo wa kata. Usipoyaona, bado ipike hadi iive, kwa sababu macho hayaoni kila kitu.

Ulinzi wa pili ni moto. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba chakula kifikie angalau nyuzi 70 katikati. Mwenye kipimajoto cha nyama akichome katika sehemu nene zaidi bila kugusa mfupa; sisi tunapendelea kisome 75. Asiye nacho, na hao ndio wengi, tunamshauri njia ambayo akina mama wa huku waliijua kabla ya chombo hiki kubuniwa: chemsha kwanza. Chukua kipande kisichozidi kilo moja, kwa kuwa paja zima halitaingia katika chombo cha lita nne au tano. Kifunike kwa maji, tia chumvi, kitunguu saumu na tangawizi, uchemshe kwa moto wa wastani muda wa saa moja, kwa kuni, mkaa au gesi. Kikate mahali penye unene: maji yanayotoka yawe meupe, wala pasiwe na wekundu. Hapo nyama imeiva, na kazi ya kikaangio inabaki kuwa ya kuipa uso mzuri.

Ikaushe kwa kitambaa safi. Iweke katika kikaangio kwa nyuzi 160, dakika 15, bila asali. Wakati huo changanya vijiko vitatu vya asali, kijiko kimoja cha maji ya ndimu na haradali kidogo ukiipata. Toa nyama, ipake nusu ya mchanganyiko, irudishe dakika tano. Paka nusu iliyobaki, irudishe dakika nyingine tatu hadi tano, na usiondoke jikoni. Vijiko viwili vya maji chini ya kikapu huzuia asali inayodondoka isiungue na kutoa moshi. Iache nyama itulie dakika kumi kabla ya kuikata.

Anayenunua paja lililokwisha kutiwa chumvi na dawa za kuhifadhia, lililofungwa kiwandani, asome lebo. Baadhi huuzwa yakiwa yamepikwa, mengine yakiwa mabichi, na yote mawili huwa na rangi ya waridi hata baada ya kuiva. Hapo rangi haikusaidii kabisa. Maandishi ndiyo yatakayokuambia. Lebo isiyosema lolote ihesabiwe kuwa ya nyama mbichi. Lililo bichi na lenye chumvi nyingi liloweke usiku kucha mahali pa baridi kabla ya kulichemsha.

Kuhusu asali yenyewe, majaribio ya kiberiti, ya sisimizi na ya tone katika glasi ya maji hayathibitishi chochote. Asali iliyoganda pia si lazima iwe imechanganywa na sukari, kwa kuwa asali safi nyingi huganda yenyewe. Kinachofaa ni kumjua muuzaji, na kutafuta lebo yenye jina la mzalishaji na alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania. Angalia pia kipimo. Lita moja ya asali ina uzito wa karibu kilo 1.4, hivyo kilo moja haijazi chupa ya lita. Huishia karibu na mililita 700. Anayekutajia bei muulize kama ni ya kilo au ya lita, maana tofauti ni karibu theluthi. Na mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata ya kulambishwa kidoleni, kwa sababu inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo lake haliwezi kuvishinda.

Umeme nao una hesabu yake. Kikaangio cha wati 1,500 kikifanya kazi saa nzima mfululizo hutumia hadi uniti moja na nusu. Ukipika hivyo mara tatu kwa wiki, ni uniti 18 kwa mwezi. Kwa mteja wa TANESCO aliye katika kundi la matumizi madogo ya nyumbani, ambalo kikomo chake ni uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni karibu robo ya kikomo chote, na uniti za ziada hulipiwa kwa bei ya juu zaidi. Nyama iliyochemshwa kwanza huhitaji kikaangio kwa nusu saa au pungufu. Umeme ukikatika katikati ya upishi, usiiache nyama ikisubiri urudi; ihamishie kwenye jiko la mkaa uimalizie hapo.

Unaponunua chombo, hakikisha kimeandikwa volti 220 hadi 240 na kina plagi ya pini tatu bapa. Kichomeke moja kwa moja ukutani, wala si kwenye ekstensheni nyembamba inayohudumia pia jokofu na televisheni. Dai risiti ya EFD. Kwa wakazi wa Sirari wanaovuka kwenda Isebania kununua, ulizeni kabla ya kulipa dhamana inatimizwa upande upi wa mpaka. Muuzaji wa hapa nchini akikataa kukirekebisha chombo kilichouzwa kikiwa kibovu, malalamiko hupelekwa Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, na risiti ndiyo ushahidi wa kwanza utakaoulizwa.

Tunajua kwamba katika nyumba nyingi za Mara, za Waislamu na za Waadventista Wasabato, nguruwe haliwi. Utaratibu huu unafaa vilevile kwa paja la mbuzi, ambalo huchemshwa saa moja na nusu au zaidi kwa kuwa ni gumu. Kwa kuku mzima mdogo, dakika 40 za kuchemsha zatosha. Asali yake ipakwe mara moja tu, dakika tano za mwisho.