Kompyuta ya motere inakosa umeme saa ya kudemare



Pikapu ya koperative moja ya viazi, huku Kivu ya Kaskazini, ilibaki siku nne mbele ya depo na mifuko ikiwa imekwisha pakiwa. Motere yake ya esanse ilikuwa imewekewa kompyuta ya kununua, si ile iliyotoka nayo kiwandani. Wakizungusha ufunguo, demarere inageuza motere vizuri, lakini haiwaki. Wakiisukuma, inawaka mara moja! Fundi akasema kompyuta imekufa. Kamati ilikuwa tayari kutoa feza ya mbegu ili kununua ingine.

Lakini kompyuta iliyokufa haiwashi motere hata ukisukuma. Hapo njo tulianza kutafuta.

Ufunguo wa motokari uko na nafasi mbalimbali: ya radio, ya kutembea, na ya mwisho ya kudemare. Kwenye motokari mingi, waya wa radio unakatwa umeme ukiwa unademare, ili nguvu ya batri iende kwa demarere. Fundi alikuwa amekamata umeme wa kompyuta kwenye waya ule wa radio. Basi kila mara demarere ikianza kazi, kompyuta inazima. Wakisukuma, ufunguo unabaki kwenye nafasi ya kutembea, na umeme unafika.

Namna nzuri ni hii. Umeme wa kompyuta utoke moja kwa moja kwenye plis ya batri, upite kwenye fizible iliyo karibu na batri, halafu kwenye rele. Rele ya kawaida iko na namba chini yake. Namba 30 inapokea umeme wa batri, 87 inaupeleka kwa kompyuta, 86 inapokea waya wa kontakte, na 85 inaenda kwa masi. Waya wa kontakte utafute ule unaobaki na volti 12 ufunguo ukiwa nafasi ya kutembea na pia ukiwa unademare. Pima nafasi zote mbili, usikisie. Pompi ya esanse uipe rele yake na fizible yake.

Ukubwa wa fizible unaandikwa kwenye karatasi ya kompyuta. Ikiungua, usiweke kubwa zaidi, na karatasi ya sigara usiiweke kabisa (tumeiona!). Fizible inaungua juu ya kukinga waya usiwake moto.

Masi inasahauliwa sana. Skurubu kwenye bodi yenye rangi na kutu haitoshi. Kwangua mpaka chuma ing'ae, funga waya mnene kwenye blok ya motere, na blok iunganishwe vizuri na muna ya batri. Waya za masi za kapteri uzirudishe kwenye kompyuta yenyewe, sawa karatasi inavyoonyesha, usizifunge popote.

Kisha pima. Batri iliyojaa, motere ikiwa imezima, inaonyesha karibu volti 12,6. Mtu mmoja ademare, mwingine ashike multimetri: waya mmoja kwenye plis ya batri, mwingine kwenye waya wa umeme unaoingia kompyuta. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, umeme unapotea njiani. Tazama viungo, rele, ama waya mwembamba. Pima vilevile upande wa masi. Na kama batri yenyewe inashuka chini ya volti 10 wakati huo, shida iangaliwe kwanza kwa batri.

Wenye kamio ya volti 24: msikamate volti 12 kwenye batri moja kati ya mbili. Ile moja itachoka mbele, ingine itajaa kupita kiasi. Tumia kifaa cha kushusha volti.

Mbele ya kushika waya yoyote, toa kwanza waya wa muna. Na siku ya kusude shasi, chomoa kompyuta kabisa.

Pikapu ile ilihitaji rele moja, fizible moja na mita chache za waya. Ilipakia kesho yake.